Makucha Matatu, Mkono Mmoja

4 Machi. Asubuhi ukungu mzito. Paa la banda la msumeno halikuonekana mpaka saa mbili.

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mkaza mjomba uifikishe. Sisi hatujambo. Mama bado analalamika goti, lakini juzi alipanda ngazi kwenda darini kuhakikisha panya wamehama, kwa hiyo tunaamini anapata nafuu. Anasema nikukumbushe kuwa yeye ndiye mkubwa, na mdogo ndiye anayetakiwa kuandika kwanza. Nimekukumbusha.

Sasa jambo lenyewe. Unajua tangu mwaka jana mimi ndiye msimamizi wa banda la msumeno. Toroli letu la magogo ni lile lile la zamani: linatembea kwenye reli, linapeleka gogo kwenye msumeno na kulirudisha. Lina magoti matatu ya chuma ambayo gogo linaegemea, na kila goti lina kucha linalopigwa nyundo mpaka liume mti. Anayepiga nyundo hiyo ni mdogo wangu Sumaku. Hupanda na gogo, huenda nalo, hurudi nalo. Jina unajua alivyolipata, hajawahi kudondoka.

Jumatano kucha la katikati liliachia. Gogo likabiringika kumfuata, buti lake likabanwa kati ya gogo na goti. Buti lilipasuka, mguu ukabaki mzima. Tulicheka wote, yeye akicheka kuliko sisi. Kisha nilimwona nyuma ya mabanzi, ameinama, anatapika.

Meneja amesema mvua zimeanza, magogo hayatatoka msituni, toroli litapumzika. Njia ikikauka litatembea tena, na litatembea lilivyo, kama hatujapata kingine. Mjomba, wewe ndiye uliyeondoa mitaimbo kwenye viwanda vya huku ulipobuni lile gurudumu la meno la kusogezea gogo. Mpaka leo tunalitumia na halijawahi kukosea unene wa ubao. Nakuomba ufikirie makucha. Sumaku hataki nikuandikie, anasema utamwona mwoga. Mimi sitaki apande toroli lile tena, basi.

Mpwa wako


15 Machi

Rula,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba mkubwa akipanda darini, mdogo haandiki barua, anachonga machela.

Na huyo Sumaku mwambie: kwa mwoga kicheko, kwa shujaa kilio. Achague nyumba ya kwenda.

Unaniuliza namna ya kuyafanya makucha yaume vizuri. Hilo si swali. Swali ni kwa nini mtu apande. Makucha yote matatu yafungwe kwa mkono mmoja, na mkono huo uwe mwisho wa toroli, pale mnapopakia gogo, mtu akiwa amesimama chini kwa miguu yake miwili. Avute, yaume, toroli liende peke yake. Likirudi, afungue. Meno ya kusogezea gogo yako mwisho huo huo, kwa hiyo hana safari nyingine.

Nitumie mchoro na vipimo. Nimebanwa kidogo na kazi. Nitajibu nikipata nafasi.

Mjomba wako


27 Machi. Mvua tangu alfajiri, ndogo ndogo, ya kukaa.

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika. Mama amesikia habari ya machela na amejibu kwamba akilazwa juu ya kitu ulichochonga wewe, angalau hakitayumba. Hilo kwake ni sifa kubwa, lipokee. Barua yako niliisoma kwa shida, mistari miwili ilikuwa imepandana. Nadhani uliandika ndani ya gari.

Mchoro ni huu hapa. Nimeuchora mara mbili mpaka nikaridhika. Toroli ni wino mweusi, msumeno nimeupaka rangi nyekundu ili usipotee.

Wazo la mkono mmoja limetuamsha. Fundi wa kuchomelea hakusubiri. Alichukua shafti ya zamani, akaikalisha chini ya magoti yote matatu, akafunga makucha ya mbao juu yake, akavuta. Kucha la upande wa shina likauma. Mengine mawili yakabaki hewani, mdomo wazi. Magogo si penseli, Mjomba: shina nene, ncha nyembamba, katikati pana kibyongo. Likishauma moja, shafti inakwama na mengine hayafiki.

Fundi amekaa chini akaniambia, "Mjomba wako akilijua hili, nitamvulia kofia." Hana kofia, lakini nimeelewa.

Nimekumbuka siku uliyonipeleka kiwandani kwako nikiwa shule. Uliweka kiganja kwenye reli wakati toroli likipita, ukawaambia wasimamishe, kuna beringi inakufa. Walifungua wakaikuta. Nilikuwa nimevaa sare ya shule na niliamua siku ile ile kwamba na mimi nitafanya kazi pale mashine zilipo. Sikuwahi kukuambia.

Mpwa wako


19 Aprili

Mpwa wetu mpenzi,

Hii ni hati ya mkaza mjomba wako. Mjomba wako ananiagiza niandike kwa sababu mkono wake umechoka. Hayo ni maneno yake. Hatujambo, kuku wanataga, mjukuu ameota meno mawili na ameshayatumia kwa babu yake. Kuanzia hapa anasema yeye.

Rula. Chukua kijiti kilichopinda, kifumbate. Vidole vyako vinafanya nini? Kimoja kikigusa mti, vingine havisimami. Kila kimoja kinaendelea mpaka kipate pake. Ndiyo maana vidole havilingani na bado mkono unashika. Shafti yenu inafanya kazi kama ngumi iliyogandishwa kwa saruji. Kila kucha lipewe springi yake, kati yake na shafti. La upande wa shina likiuma, springi yake inakubali kubanwa, na shafti inaendelea kuyapeleka mengine.

Nimechonga mfano wa mbao, kila kitu kimo, hata springi. Dereva wa lori la mbao ataufikisha. Mnakili kama ulivyo. Hakuna haja ya kupima upya, nimeshapima mimi.

Na mkiufunga, msiangalie, sikilizeni. Kwenye gogo lililopinda lazima msikie ka, ka, ka. Mkisikia ka moja, kuna makucha mawili yanawadanganya.

Mwambie fundi nasubiri kofia.

Haya sasa ni yangu mwenyewe mkaza mjomba. Mchoro wako mzuri nimeubandika ukutani juu ya meza yake. Huupitishia kiganja. Nyumba imejaa maranda na jana nimekalia patasi. Ananiuliza mbona naandika mengi, nimemwambia namalizia salamu. Tusalimie nyumbani.


20 Mei

Mpwa wetu,

Ni mimi tena. Anasema yeye.

Rula, mfano ulifika? Dereva anasema ameukabidhi mkononi mwako na kwamba uliubeba kama mtoto mchanga. Tangu hapo kimya. Mtu akitoa mtoto wake kuolewa, angalau huletewa habari kama anakula. Springi zimekataa? Fundi ameuza vyuma? Au siku hizi una mjomba mwingine?

Hajakasirika, mpwa wetu. Ila kila lori likipita anauliza kama limepunguza mwendo. Huku mvua zimekatika. Kwenu je?


26 Mei. Asubuhi jua, matope ya barabarani yameanza kupasuka.

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limepona, maumivu sasa yamehamia begani. Nimeianza barua hii na kuichana zaidi ya mara moja, na wewe unajua sina tabia ya kupoteza karatasi.

Mfano ulifika salama. Banda zima lilisimama kuuangalia. Sumaku alikitia kijiti kilichopinda akavuta mkono, na makucha yakalia moja baada ya jingine kama ulivyosema. Mzee anayenoa misumeno, ambaye hasifu hata jua likichomoza, alisema, "Huyu mtu amekaa ndani ya chuma akatazama nje." Nimekuandikia maneno yake kamili.

Basi tukanakili. Ulisema tusipime, na mimi, ambaye unaniita Rula, sikupima. Shafti ikakatwa, makucha yakafuliwa, springi zikapatikana kwenye viti vya lori bovu, fundi akachomelea kila kitu. Tulipokikalisha kwenye toroli, mkono ukajitokeza upande wa msumeno.

Sumaku alisimama pale anapotakiwa kusimama mvutaji, akatazama meno ya msumeno, akatazama mkono wake. "Dada," akasema, "hapa nitakuwa nasalimiana nao kila gogo."

Msumeno wetu uko kulia, Mjomba. Mfano wako ni wa toroli ambalo msumeno wake uko kushoto, kama la kiwandani kwako. Kwenye mchoro niliupaka nyekundu. Simjui mtu anayesoma mchoro kama wewe. Sitauliza neno ambalo hujanipa ruhusa ya kuliuliza. Kutopima ni kosa letu sisi tuliokuwa na toroli mbele ya macho yetu.

Tumejaribu kuugeuza mkono uelekee nyuma, mbali na msumeno. Lakini ukiugeuza, kufunga si kuvuta chini tena, ni kuinua juu. Sumaku ameinua. Mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba, akaniambia hii si kazi, ni kifungo. Kuanza upya hatuwezi. Chuma kimeisha na fundi ameitwa kazi nyingine. Jana meneja alikwenda mpaka njia panda, akakanyaga udongo na kisigino, akarudi anapiga mluzi. Njia imekauka. Lori la kwanza la magogo ni wiki ijayo au inayofuata, na Sumaku ameshaanza kushona buti.

Nahitaji akili yako, Mjomba. Si macho ya mtu yeyote, akili yako.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wetu mpenzi,

Barua nimemsomea. Nilipofika kwenye rangi nyekundu nilitaka kuruka, akasema, "Soma yote." Nikasoma yote. Alitoka nje, akakaa kwa kuku mpaka chai ikapoa. Sasa amerudi na anasema niandike kama anavyosema, nisipambe.

Rula. Mchoro wako sikuuona. Niliupitishia kiganja, ukawa laini kama karatasi nyingine yoyote. Macho yalianza kuondoka mwaka jana, kwanza la kushoto, kisha la kulia likasema haliwezi kubaki peke yake. Daktari amesema lake, na alilolisema si la kunywea dawa. Mfano nimeuchonga kwa kupapasa, na mikono inalikumbuka toroli moja tu, lile nililokulia. Haikukumbuka kwamba dunia ina upande wa pili.

Kwa nini sikusema? Niliogopa utaacha kuniuliza. Mtu akishaacha kuulizwa amekuwa samani. Watu humsogeza wakifagia. Barua yako ya Machi ilipofika nilikuwa nimeshaanza kusogezwa. Huyu anayeandika anatikisa kichwa, nasikia hereni zake. Hata wewe mama, ulinisogeza, tena mara mbili.

Tuyaache. Sikiliza sasa, maana nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mfano.

Nilichukua mfano mwingine nilioubakiza hapa, nikaugeuza mkono kama mlivyofanya. Kweli, mzito kuinua. Nikauacha, nikatafuta pa kuweka nyundo, nikaitundika kwenye kipande cha mkono kilichobaki upande wa zamani. Makucha yakajifunga yenyewe yakanibana kidole gumba. Nilipiga ukelele, huyu mama akadhani nimeanguka. Nilikuwa nacheka.

Fanyeni hivi. Mkono ulioko upande wa msumeno ukateni, ubaki mfupi, uishie chini ya toroli usikofika msumeno. Pale mtundike kipande cha reli ya zamani. Kile mlichokata kichomeleeni upande wa nyuma, ndicho kitakuwa mkono wa mtu. Inakuwa kama pembea ya watoto: huku uzito, huku Sumaku. Uzito ndio unaofunga makucha, muda wote, bila kuambiwa. Kazi ya Sumaku ni kuvuta chini ili yafunguke, tena kwa kulalia tu.

Umeona? Kwenye mfano wangu, mvutaji akiteleza kabla hajamaliza kufunga, gogo linaachiwa. Kwenye huu wenu, akiteleza, akipiga chafya, akiitwa na mchumba, gogo limeshikwa. Ningekuwa na macho ningeuweka mkono upande sahihi na nisingelifikia hili. Sisemi nashukuru. Nasema tu.

Ombi moja. Siku ya kujaribu usinitumie mchoro. Niandikie siku yenyewe kama unavyoiandika kwenye daftari lako, tangu hali ya hewa mpaka saa uliyolala. Nitasomewa. Na safari hii pimeni.

Yangu: ni kweli nilimsogeza. Sitarudia. Barua yako imemrudisha mezani.


Mjomba, uliomba siku, nimekunakilia siku. Sijapunguza kitu.

13 Juni. Asubuhi kavu, baridi kidogo, upepo kutoka upande wa msitu umeleta harufu ya magogo kabla hatujayaona.

Mama aliniamsha kuniambia niamke, nami nilikuwa nimeshavaa. Anakusalimu. Siku barua yako ilipofika alikaa na habari ya macho yako mchana kutwa, kisha jioni akasema, "Basi aje hapa, nimwongoze darini." Nadhani ameshaanza kuandaa chumba.

Lori la kwanza limefika tukiwa bado tunaosha mikono. Fundi amerudi kutoka kazi ile nyingine, na jana alimaliza kazi yako: mkono wa zamani mfupi, kipande cha reli kinaning'inia chini yake, mkono mpya nyuma. Nimepima, kisha nikampa fundi naye akapima, kisha Sumaku akapima kwa kusimama pale na kunyoosha mkono wake wote kuelekea msumeno. Haukufika, na bado palikuwa na nafasi ya kumtosha meneja.

Nilichagua gogo baya kuliko yote. Shina nene, katikati limepinda kama mgonjwa wa mgongo. Meneja aliuliza kwa nini nisianze na zuri. Nikamwambia zuri halina la kutufundisha.

Sumaku aliulalia mkono, makucha yakafunguka. Gogo likapakiwa, likaegemea magoti. Hapo msumeno ulikuwa bado umezimwa. Nikawaomba watu wanyamaze. Mnoaji akavua miwani yake, sikumwambia avue, akafumba macho. Wengine wakamwona, wakafumba. Sumaku akaachia mkono polepole.

Ka. Kisha ka. Kisha, tukiwa tumeshaanza kuogopa, ka.

Mnoaji ndiye aliyefumbua kwanza. "Yote matatu yanasema kweli," akasema.

Tukawasha msumeno. Toroli likaenda na gogo, na juu yake hapakuwa na mtu. Nimefanya kazi hapa miaka yote hii na sijawahi kuuona mgongo mtupu wa toroli lile likitembea. Lilionekana refu. Gogo lilipita kwenye meno, ubao ukaanguka, mnyoofu, na gogo halikutikisika hata pale kwenye kibyongo. Likarudi. Sumaku alikuwa amesimama chini, kwa miguu yake miwili, akilisubiri kama mtu anayempokea mgeni.

Kwenye gogo la nne mkono ulimteleza kweli, kiganja kilikuwa na grisi. Sote tuliruka. Gogo halikufanya lolote, limeshikwa. Sumaku akatazama gogo, akatazama kiganja, akaketi juu ya mabanzi. Nilimfuata nikidhani ni kama siku ile buti lilipopasuka.

"Unaumwa?"

"Hapana, dada. Nahesabu mara ngapi nimeteleza nikiwa kule juu." Halafu akasema, "Mwandikie mjomba kwamba amenifukuza kwenye gari langu. Sasa natembea kwa miguu kama raia." Na akijifuta grisi: "Mwandikie vizuri, lakini."

Meneja ameuliza huyu mtaalamu yuko wapi, aje aone. Banda zima likanitazama mimi. Nikajibu kwamba aliyelifikiria toroli hili atakuja mwenyewe kulikagua, na atalikagua kwa njia yake. Ametaka pia kujua kama kingine kinaweza kufikiriwa kuhusu toroli kurudi, maana likirudi gogo hukwaruza meno ya msumeno na mnoaji hulalamika. Nimesema nitamuuliza mjomba. Kwa hiyo nakuuliza. Tafadhali usichelewe kujibu, mnoaji ni mtu wa kununa.

Fundi hana kofia, kwa hiyo alivua ile barakoa yake ya kuchomelea na kuielekeza upande mnakoishi. Alikosea upande. Nimemrekebisha.

Kabla hatujafunga banda nilimwomba kitu kimoja. Mwisho wa mkono mpya, pale kiganja kinaposhika, ameweka matone matatu ya chuma, yamepangwa mstari, yamesuguliwa yasichubue. Kwa anayeona hayana maana yoyote. Ukija, simama mwisho wa reli, upande wa nyuma, nyoosha mkono wa kulia. Utayapata.

Chakula cha jioni, maharage. Mama amekula mara mbili. Sumaku amelala mapema akiwa na buti, tumemvua. Nimelala saa tatu na dakika arobaini.